Sanduku la Ng'ambo ya Mpaka

"Sanduku lako la posta liko jimbo jirani, binti," karani alisema, kidole kikiwa juu ya anwani kwenye fomu ya maombi. "Kwa hiyo wewe ni mtu wa nje."

Lorinda Bitsilly aliitazama fomu. Alama zake zilitosha kwa mkazi. Kwa mtu wa nje hazikutosha: chuo hiki cha sheria cha umma kiliwatengea wakazi wa jimbo nafasi tatu katika kila nne, wengine wagombee makombo.

"Ndiyo posta ya karibu, mzee. Ya jimbo letu iko maili sabini. Nyumba yetu haina namba, barabara haina jina." Akamsogezea ramani aliyoichora kwa mkono: tangi la maji, mwamba mwekundu, zizi la kondoo. Huko kwao Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, hata gari la wagonjwa huelekezwa hivyo.

"Mchoro mzuri. Lakini nataka bili ya umeme."

"Umeme haujatufikia."

"Ya maji, basi."

"Tunayafuata kwa pipa."

Bibi yake, Desbah, aliyekuwa ameketi kando na shali yake, akauliza kwa Kinavajo huyu bwana anataka nini. Alipoambiwa, akaguna.

"Anataka ushahidi kwamba tupo! Babu yako walipomtaka vitani walimpata machungani, tena bila namba ya nyumba. Na wewe je? Mwaka jana si walikuita mahakamani uamue kesi ya watu? Walikupataje?"

Lorinda akageuka polepole.

"Mzee, mahakama ya jimbo hili iliniita niketi na raia wengine kumi na mmoja kuamua kesi. Siku nne. Barua ilikuja kwenye sanduku hilohilo. Mtu wa nje huitwa?"

Karani alipiga simu mahakamani, akataja jina, akangoja. Alipokata simu masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. Kwenye fomu akafuta *Mtu wa nje*, akaandika juu yake: *Mkazi*.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Nimekubaliwa kuwa mkazi, Bibi."

"Na binamu zako wakija kuomba? Sanduku lao si lilelile?"

Lorinda akamuuliza karani.

"Nimemkubali huyu peke yake," karani akasema. "Kanuni haijabadilika."

Alipotafsiriwa jibu, Bibi akainuka, akajifunga shali.

"Basi kaisome hiyo sheria upesi, mjukuu wangu. Wenzako wanakuja nyuma."