Nguo Moja Zaidi ya Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nasafiri na mwanangu Elikana kwenda Makete kwa wakwe zangu, na basi linaondokea jikoni kwetu Muheza, kati ya mtungi wa gesi na ndoo ya maji. Sikushangaa. Niliona afadhali, sitahangaika kutafuta bodaboda ya kunifikisha stendi.

Safari hiyo nimeikwepa tangu mtoto azaliwe. Mama yake Obadia, mume wangu, hajamtia mjukuu wake machoni. Kila akipiga simu ananiambia, "Mama Elikana, picha nimezichoka. Nataka uso." Na mimi kila mara nina sababu: mara mvua, mara meno, mara kipupwe. Mimi mtu wa Muheza, maji ya kuoga yakipoa kidogo tu napiga chafya. Namwogopea mwanangu, huo ndio ukweli.

Sasa nimekaa siti ya mbele, Elikana mapajani. Pembeni yangu amekaa Kipupwe mwenyewe. Ni mwanamume mwembamba, kavaa singlendi na kaptura, anajipepea kwa gazeti.

"Pole na joto," namwambia.

"Nimeshapoa. Mtoto kavaa nguo ngapi?"

"Mbili."

"Na wewe?"

"Mbili. Gauni na kanga."

Kipupwe anakunja gazeti. "Kwani hukuambiwa?"

Niliambiwa. Mama aliniambia, jirani akaniambia, nesi wa kliniki akaniambia: kwenye baridi mtoto avae nguo moja zaidi ya mama yake. Nilichokuwa sijui ni kwamba sheria hiyo ina askari.

Nikafungua begi. Humo ndani koti dogo la mtumba, la bluu, lenye zipu mpaka kidevuni, likakohoa. "Hatimaye!" likasema. Kabla sijalinunua lilining'inia juani gulioni muda mrefu, watu wakilicheka. "Bibie, mimi kwetu ni theluji. Nimevaliwa na watoto sita, na wote leo wana ndevu."

"Hata wasichana?"

"Usinipotezee muda. Mvishe."

Nikamvisha. Kipupwe akashusha pumzi ya kuridhika, na pumzi yake ikaingia mpaka kwenye mifupa yangu, nikavaa sweta. Akanikazia macho. Ikabidi mtoto aongezwe sweta naye. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana abiria walikuwa wameshaona, na kwenye basi mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote. "Funika mtoto, wewe mama!" Huyu anatoa kofia ya boshori ya sufu, yule shali, dereva anavua koti lake huku anaendesha. Wakinihurumia na mimi wananipa, na nikivaa tu, mtoto anadaiwa nyingine. Tulipofika Segera, Elikana alikuwa furushi kubwa kama gunia la machungwa, kakaa siti yake mwenyewe, na konda akamdai nauli ya mtu mzima.

Nikaweka mdomo kwenye furushi. "Wewe koti, unamwona?"

"Namwona," likajibu kutoka mbali. "Anacheka."

"Mwambie mama yake yupo hapa."

Likanong'ona huko ndani, likarudi. "Anauliza kama wewe ndiye uliyepotea."

Dereva anakata kona, anaingia ndani ya friji ya duka la soda. Anasema hiyo ndiyo njia ya mkato ya Makete, wanaopitia Iringa wanajichosha bure. Chupa za soda zinasogea kutupisha. "Poleni na safari," zinasema, na sisi tunaitikia asante.

Upande wa pili wa friji ni uani kwa wakwe zangu. Nyasi ni nyeupe kwa barafu. Mama mkwe anatoka jikoni, blanketi begani, mikono imejaa masizi. Napiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uso uko wapi?"

Nikamwonyesha furushi. Akalizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni. Akashika boshori la juu, akavuta.

"Simama," akasema Kipupwe, ambaye sikumwona akishuka. "Mama avue kwanza, ndipo mtoto avue. La sivyo hesabu haiendi."

"Ni kweli," koti likadakia huko ndani. "Na zipu yangu siifungui hivihivi."

Nikatazama huku na huku. Baba mkwe amekaa kwenye kigoda. Wajomba wapo. Mchungaji yupo, kashika kikombe. Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama, lakini hawakusema ufanye nini ukiambiwa ujivue mwenyewe mbele ya wakwe. Nikavua shali. Nikavua koti la dereva. Baba mkwe akageukia ukuta kwa heshima na kuanza kuusifia. "Ukuta mzuri huu," akasema. Mchungaji akakubali kwamba ni mzuri sana.

Mimi navua, mama mkwe anamvua mtoto, mpaka nikabaki na gauni tu, meno yanagongana. Elikana, zile nguo zake mbili za ndani zimeshachomolewa kwa chini, kabaki na lile koti, na boshori lililomshuka mpaka kidevuni.

"Bado moja," akasema Kipupwe.

Nikaangua kilio. Aibu nilikuwa nimeshaizoea. Nililia kwa sababu yule mama alikuwa amengoja tangu mwaka jana, na mimi ndiye niliyemficha mjukuu wake ndani ya sufu.

Mama mkwe akamtazama Kipupwe kama anavyotazamwa mbuzi aliyeingia shambani. "Wewe nakufahamu tangu nazaliwa," akamwambia. "Kila mwaka unakuja, na hakuna aliyekualika." Akafungua blanketi lake, akatuvuta ndani mimi na mtoto. Mle ndani kulikuwa na joto, moshi, na harufu ya viazi vya kuchoma. "Haya, hesabu. Bibi, mama, mtoto, sote tumevaa blanketi moja. Nani kamzidi mwenzake?"

Kipupwe akahesabu kwa vidole. Akarudia. Akavua kandambili, akaendelea na vya miguuni.

"Hii sikufundishwa," akasema kwa sauti ndogo. Uani palikuwa pameshageuka jikoni. "Kuna nafasi?"

"Funga mlango kwanza. Chai iko motoni."

Zipu ikafunguka yenyewe. Boshori likatoka. Elikana akachomoza, kalowa jasho, akamkagua bibi yake kuanzia kilemba mpaka kidevu. Bibi akanyoosha mkono. Akamgusa shavuni kwa dole gumba, taratibu, akalituliza hapo. Nikaamka.

Kumeshakucha, Muheza, joto kama kawaida. Elikana kalala chali na nepi tu. Shavuni ana alama nyeusi. Nikamwita Obadia, aliyekuwa anapiga mswaki, akaja akainama. Ilikuwa chapa ya dole gumba, na katikati yake umepita mstari mweupe, mshazari.

Obadia akatoa mswaki mdomoni.

"Hilo ni dole la mama," akasema. "Alijikata na mundu tukivuna ngano. Mimi niko darasa la pili."

Kisha akavaa suruali, akatoka kwenda stendi kukata tiketi, povu la dawa ya meno bado liko kidevuni. Sikumzuia.