Kabichi Aliyepewa Maji Matupu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye ghala la kikundi chetu cha wakulima wa mboga, nimevaa gauni langu la harusi na viatu vya mvua, na mapipa mawili yananisubiri. Sikushangaa. Nilichoona kibaya ni kwamba nimechelewa.

Niseme kwanza mapipa hayo ni ya nini, maana mtu asiyelima atadhani nimeota pombe. Ni ya kupikia chai ya mboji, na chai hiyo si ya kunywa. Unachukua mboji iliyoiva, unaifunga kwenye kitambaa, unaining'iniza ndani ya maji yenye sukari guru kidogo, halafu unapuliza hewa humo kutwa kucha ili vijidudu vya udongo vizaliane. Ikiwa tayari unamwagilia mboga. Pipa la bluu ni la Mzee Shemndolwa, alilinunua dukani Tanga pamoja na pampu yake ya umeme. Pipa la njano alilitengeneza kaka yangu Hoza, na hewa yake inatoka kwenye baiskeli isiyo na magurudumu, ambayo mtu anaikanyaga mpaka miguu imwishe nguvu.

Mwaka juzi kikundi kiliyashindanisha, kuona chai ya pipa lipi inakuza kabichi zaidi. La bluu liliwekwa kivulini, la njano juani. La bluu lilipewa mboji nzuri, la njano likapewa masalia. Pipa la kaka likashindwa, watu wakacheka, wakamwita Fundi Povu mpaka watoto wadogo wakalizoea jina. Kaka akahamia Songea, na tangu hapo simu zangu hapokei. Jumamosi ijayo shindano linarudiwa, na safari hii mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulipanga liwe la haki. Sina haja ya kujificha: nataka la njano lishinde, ili kaka yangu arudi nyumbani.

Basi, ndotoni, pipa la bluu linakohoa na kuniuliza kama tuanze. Lina sauti ya karani wa mahakama. La njano linatoa povu moja moja tu.

"Kila kitu kiwe sawa," linasema la bluu. "Kibaki kitu kimoja tu cha kutofautiana, nacho ni sisi wenyewe."

Nakubali, maana hata bwana shamba alitufundisha hivyo. Naanza na maji. Nachota ndoo huku na ndoo kule, lakini la bluu linadai matone yahesabiwe, kwa hiyo matone yanapanga foleni na kuitikia majina. Moja linaitwa Zaina kama mimi. Linapangiwa pipa la njano, nami nalionea wivu.

Tunakuja kwenye jua. Tunalikata kwa kisu cha mkate. Kipande cha upande wa mlimani kinatoka kikubwa, inabidi nikimege na kubandika kule kwingine kwa mate. Kivuli tunakikunja kama shuka na kukigawa. Mboji inapanda kwenye mzani, na minyoo yake inaapishwa kwamba haitapendelea. Mnyoo mmoja anakataa kuapa, anasema ana ndugu pande zote mbili. Anaondolewa ukumbini na sote tunamsikia akilia nje.

Nafuta mikono kwenye gauni na kusema sasa mambo yako sawa.

"Bado," linasema la bluu. "Mwenzangu anapendwa."

Nabisha. Nasema mapenzi hayaingii kwenye maji. Pipa linaniambia nichungulie. Nachungulia ndani ya lile la njano na kweli naona, juu ya maji kuna utando mwembamba unaong'aa kama samli. Nachukua upawa nauengua. Unarudi. Nauengua tena mpaka mkono unachoka, nao unarudi palepale, wala hauna aibu. La bluu linanihurumia, linasema kama haya hayatoki, basi na lenyewe litiliwe kiasi hichohicho.

Hapo tumekwisha kuwa jikoni kwa marehemu mama, na pipa la bluu limekaa kwenye kigoda chake. Nalipendaje pipa la dukani? Naanza kwa kuliita kaka. Nalisimulia jinsi lilivyonibeba mgongoni kwenda zahanati nilipokuwa na homa, na jinsi lilivyonifundisha baiskeli likikimbia nyuma yangu, likisema limenishika kumbe lilikwisha kuniachia zamani. Pipa linasikiliza kwa adabu. Linasema halikumbuki hayo, lakini linashukuru.

Nachungulia. Utando umetanda, sawa kabisa na ule mwingine. Iliniuma sana kwamba nilifanikiwa. Nilidhani mtu hupenda kaka kwa sababu ni kaka, kumbe nilikuwa naweza kulimiminia mapenzi hayo hata pipa la mtu.

Jikoni panageuka wodi. Kabichi wamelala vitandani, wamefunikwa mashuka mpaka shingoni. Mmoja anamwagiliwa chai ya pipa la bluu, mwingine chai ya pipa la njano. Lakini vitanda ni vitatu. Kwenye cha tatu kuna kabichi mnene, mkimya, asiyeletewa chochote ila kikombe cha maji.

Namuuliza yeye ni wa nani.

"Mimi ni wa maji matupu," anasema. "Mwaka juzi hamkuniweka."

Namwambia hatukumhitaji, tulikuwa tunashindanisha mapipa. Kabichi anajigeuza kwa shida anitazame vizuri. Anasema bila yeye tunaweza kujua nani kamzidi nani, lakini hatuwezi kujua kama kuna yeyote aliyefanya kazi. Anasema bila hasira. Anaomba tu shuka livutwe kidogo, miguu inamwingia baridi. Namvutia shuka, ingawa miguu siioni.

Wanakua nikiwatazama. Majani yanafunguka kwa sauti ya gazeti. Kisha mzani unaingia kwa miguu yake na kupita kitanda kwa kitanda, unawapima.

Wote watatu wako sawa.

Nauomba urudie. Nabadilisha vitanda, wa dirishani namleta mlangoni. Sawa. Nauomba mzani, kwa siri, ukosee kidogo tu upande wa njano. Mzani unanishika bega na kusema pole. Labda kwa udongo mwingine ingekuwa vingine, unasema, lakini hapa ndivyo ilivyo.

Pipa la bluu linayapokea matokeo bila taabu. Linasema lenyewe lilinunuliwa tu, halina ukoo wa kutia aibu, hata likipandwa mchicha litaishi. Ndipo la njano, lililokuwa kimya muda wote, linafungua kinywa. Sauti yake ni ya mnyororo mkavu.

"Kwa hiyo alikwenda Songea kwa ajili ya nini?"

Kabichi wa maji matupu anageukia ukutani. Mimi nakaa chini na gauni langu lote. Tangu mwaka juzi nimekuwa nalaumu kivuli, nalaumu masalia ya mboji, namlaumu Mzee Shemndolwa wa watu, na lawama hizo zilinisaidia kuamka asubuhi. Nilijiambia siku shindano likiwa la haki, kaka atashinda na aibu itafutika. Sasa limekuwa la haki na halina mshindi. Kumbe tulicheka, akahama, tukanyamaziana, na maji ya kisima yalikuwa yanafanya kazi ileile. Nililia pale chini, sikuona cha kuficha.

Mzani unanikumbusha kwamba matokeo husomwa mbele ya mwenye pipa. Mwenye pipa yuko Songea, nasema. Unanionyesha mdomo wa pipa la njano. Naingiza kichwa.

"Kaka Hoza," naita.

"Naam," anaitikia kutoka chini kabisa, karibu, kama mtu aliye chumba cha pili.

Mwaka juzi mpaka leo sijaisikia naam hiyo. Namwambia hakushindwa. Namwambia na Mzee hakushinda, maji matupu yamewafikia wote wawili. Anasema, "Endelea." Nataka kuendelea, lakini baiskeli imeanza kujikanyaga yenyewe na povu linapanda, linanifika kidevuni, masikioni. Napaza sauti. Namwambia lile nililopaswa kumwambia siku ile amesimama mlangoni na begi, wakati mimi nashughulika kulitetea pipa lake kwa majirani: kwamba pipa silitaki, liwe zuri liwe bovu, namtaka yeye, arudi nyumbani. Povu linanguruma. Nasubiri jibu lake na silisikii, na pindo la gauni linanaswa kwenye mnyororo, linanivuta nje, juu.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, mume wangu ameshatoka kwenda kukamua ng'ombe. Nilikaa kitandani nikajicheka kidogo, nikajiambia ndio malipo ya kulala nikiwaza mashindano. Hata hivyo niliamua Jumamosi nitaongeza tuta la tatu, la maji matupu, wanaotaka kununa wanune.

Nikachukua simu nitazame saa. Kulikuwa na ujumbe, umeingia alfajiri, kutoka namba ya kaka.

"Zaina, rudia lile la mwisho. Povu lilikuwa linapiga kelele, sikusikia vizuri."