Wageni wa Bi Masouda

Bi Masouda alikuwa na mwili, si haba. Tangu apooze upande mmoja, kumgeuza kitandani kulikuwa kama kusogeza kabati lililojaa nguo, tena kabati lenyewe linakutukana. Kazi hiyo ilimwangukia bintiye Rahila, peke yake. Mgongoni mwa mama kumetoka kidonda. Kidogo bado, lakini nesi wa hospitali alishamwonya: asipogeuzwa kila mara kitachimba mpaka mfupani.

Na nyumba imejaa wageni. Mtaani Darsait mtu akiugua watu huja kumtazama, na anayekuja kutazama hutiliwa kahawa. Tangu alasiri Rahila anakwenda na dele la kahawa, anarudi na sahani ya halua, na mama yuko vile vile, chali.

"Mashallah, Masouda ana bahati," alisema jirani, Bi Nawar, akimega halua. "Ana binti."

Binti alikuwa na kaka pia, Ishaq. Nyumba ya kulelea wazee Ishaq aliikataa: watu watasema tumemtupa. Nesi wa kuja nyumbani akamkataa pia: mgeni amvue mama nguo? Na kila akikataa huwa keshavaa viatu, anarudi kwake, mtaa wa Ansab.

Rahila alichungulia chumbani. Mama amekunja uso, jasho linamtoka, hasemi neno. Bi Masouda, kutosema! Hapo Rahila aliogopa kweli. Akaliweka dele chini.

"Kahawa imekwisha. Bi Nawar, nnataka mikono. Na kaka aje, yuko barazani na wanaume."

"Ah, mwanangu, mie na mgongo huu…"

"Mgongo wako una ngozi, Bi Nawar. Wa mama inatoka."

Ishaq alifika mlangoni, kanzu imenyooka, macho sakafuni. "Rahila, mwanamume hamgeuzi mamake. Aibu."

"Nlikutawaza mie kila ukitoka chooni mpaka ukaanza chuo cha Kurani," sauti nyembamba ilitoka kitandani, "wala sikukuuliza we mwanamume au nani. Shika bega!"

Akashika. Bi Nawar akashika miguu, huku akimwomba Mungu amlindie kiuno chake. Wakamgeuza. Kitambaa kilichofunika kidonda kikabanduka, na Ishaq akakiona. Hakikuwa kidogo tena.

Bega la mama hakuliachia.

"Huyo nesi wa kuja nyumbani," alisema Ishaq, "nambari yake unayo?"

"Nnayo. Hebu ngoja," alisema Rahila. Alikuwa ameinama, pua karibu na kidonda, ananusa ajue kama kimeanza kuoza.