Jumanne kwa Nusu Bei

Meneja wa ukumbi alisema Jumanne ni nusu bei, maana nani anaoa Jumanne. Bibi harusi mtarajiwa akalipa papo hapo, kisha akapita dukani kwa baba yake, fundi cherehani.

"Tarehe ngapi?" baba aliuliza, macho kwenye sindano.

"Tisa mwezi ujao. Mara hii, rahisi haikuwa ghali, Baba."

"Sawa, mwanangu. Tarehe tisa ya mwezi huo huwa sifungui duka."

Binti alifika mlangoni ndipo akakumbuka kwa nini. Kila mwaka, siku hiyo, walikwenda wawili kupalilia kaburi la mama. Alisubiri machozi yamtoke, hayakuja. Risiti mkononi ilisema pesa hairudishwi.

Cherehani haikusimama.

"Tutapalilia asubuhi," alisema baba bila kugeuka. "Ukumbi unafunguliwa saa ngapi?"