Pete na Tope la Bwawa

Kidole cha pete kilikuwa kitupu. Fundi bomba alikiona wakati mkewe akimenya vitunguu. Alivua viatu polepole kuliko kawaida, na wivu ukaanza kumtafuna kama ulivyozoea.

Mkewe alikuwa mtaalamu wa maabara. Mwezi ule yeye na mtafiti mmoja walikuwa wakichota mashapo ya bwawa, yaani tope lililotuama chini kwa miaka, ili ijulikane viwanda vya kando ya maji vimeacha risasi, zinki na shaba kiasi gani humo. Mji mzima ulikunywa maji yale. Mtafiti huyo fundi alimjua kwa mbali tu: mrefu, mpole, mwenye miwani na maneno laini. Nyumbani alimwita Miwani, na jina hilo alilitamka kama mtu anayetema mbegu.

"Pete iko wapi?"

"Kwenye mkoba. Kazini hatuvai chuma, mume wangu. Hata saa navua."

"Ahaa! Mnavua na saa." Alicheka peke yake. "Dhahabu haishiki kutu wala haichafui kitu. Mimi ni fundi, usinifundishe vyuma. Kesho utaivaa, na huyo Miwani ajue una mwenyewe."

Mkewe alifungua mdomo, akaufunga. "Haya," alisema, "nitaivaa," akarudi kwenye vitunguu vyake.

Usiku huo fundi alilala usingizi wa mshindi. Siku zilizofuata alipiga miluzi akiwa chini ya masinki ya watu, na ukimwona ungedhani ndoa yake imezaliwa upya. Jambo moja tu hakutaka kulikumbuka. Ile pete aliichonga mwenyewe wakati wa uchumba, akiwa hana mbele wala nyuma, kutoka kwenye kiungio cha bomba cha shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Aliipaka maji ya dhahabu, akamvisha binti wa watu, akamwambia ni dhahabu tupu. Alinuia kuibadilisha akipata. Alipata mara kadhaa, na kila alipopata kulizuka la kufanyia.

Kisha siku moja mkewe akarudi mapema kutoka kazini. Alikaa kwenye kochi bila kuvua viatu, mkoba ungali begani.

"Sampuli zote nilizokoroga mimi zimeharibika," alisema. "Hata tope la mtoni, huko juu ambako hakuna kiwanda hata kimoja. Hilo ndilo tunalolinganishia mengine yote, nalo limejaa shaba na zinki. Nilivaa glavu mbili juu ya pete, ikazichana. Tunaanza upya, na mimi nimepewa onyo."

"Wamejuaje kuwa ni pete?"

"Mtafiti ndiye aliyejua. Alinishika mkono, akaigeuzageuza pete karibu na taa, akaikwaruza kwa ncha ya sindano. Hakusema neno. Alinionea haya. Sasa iko kwenye mfuko wa sampuli, ina namba, ameiweka kabatini kwake."

Mwanamume mwingine pengine angelifikiria bwawa, au lile onyo. Fundi aliona mkono tu, mkono mwembamba wa Miwani ukikizungusha kidole cha mkewe chini ya taa, na pete yake imelala kwenye kabati la mtu.

"Alikushika mkono?"

"Hilo ndilo ulilosikia?"

Fundi aligeukia dirisha.

"Hujaniuliza ni chuma gani," alisema mkewe.

Masikio ya fundi yakawa ya moto.

"Mwaka wetu wa kwanza kidole kiligeuka kijani. Mimi nakaa na vyuma kutwa, ningekosaje kujua? Nilidhani sonara alikutapeli. Nikasema, mume wangu akijua ataumia, bora ninyamaze. Ulipoanza habari za dhahabu haichafui, ningekujibu nini bila kukuvunja? Nikaivaa." Akashusha mkoba sakafuni. "Nimekaa hapa nakungoja ushtuke. Hukushtuka. Kumbe ulijua."

Fundi alitaka kumweleza habari za kile kiungio, jinsi alivyokisugua hadi vidole vikachubuka, jinsi alivyompenda. Zamani ingekuwa hadithi nzuri, ya kuchekea watu wawili. Sasa hata kabla hajaitamka ilikwisha kunuka udhuru, naye aliona aibu iliyoushinda hata wivu wake, kwa kitambo kidogo.

Mkewe aliinuka, akaenda kunawa mikono.

"Kesho mnakwenda bwawani?" aliuliza fundi.

"Tunakwenda. Tunaanza na mtoni."

Wivu ulirudi mzima, kana kwamba haukusikia lolote. Watakuwa wangapi kwenye boti? Nani atampa mkono akipanda? Mkewe aligeuka, maji yakimdondoka vidoleni, akasimama akimngoja aulize, kama alivyouliza jioni nyingine zote.

Fundi alitazama sakafu.

"Njia ya mtoni ina utelezi," alisema mwishowe. "Vaa viatu vya mpira."