Tunakuja Naye Nyumbani

Simu ni kama jirani mbeya: husikia neno nusu, ikamalizia yenyewe.

Siku hiyo msusi alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, begi la nguo begani, akimngoja baba yake afunge kamba za viatu. Daktari alikuwa amemruhusu mzee arudi nyumbani. Raha iliyoje! Akafungua kundi la ukoo awape ndugu habari. Alikusudia kuandika "Baba ametoka." Lakini wiki nzima alikuwa akiandika rambirambi kwa msusi mwenzake aliyefiwa na mama mkwe, na simu, kwa kimbelembele chake, ikamletea neno lililozoeleka. Akaligusa bila kuangalia.

"Baba ametutoka asubuhi hii. Tunakuja naye nyumbani."

Akatuma, akaitumbukiza simu begini, sauti imezimwa kama hospitali wanavyotaka.

Kundini humo Baba Mdogo hakuwamo, ila mkewe alikuwamo. Mwaka uliopita mzee, fundi viatu mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha kukatia ngozi, alimgombeza mdogo wake kwa ujumbe wa sauti, mbele ya watoto na wakwe: "Mvi kichwa kizima, akili bado ya kifaranga!" Wote wakasikia. Ulitokea tu ule mstari mdogo wa kijivu kwamba Baba Mdogo ameondoka kwenye kundi. Tangu hapo hawakusemezana. Hata mzee alipolazwa kwa upasuaji, mdogo alimpa mkewe matunda ayapeleke, mwenyewe hakutia mguu. Mzee akayala yote, kisha akasema mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Msusi, kila alipomnywesha uji, aliomba jambo moja tu moyoni: wasije wakazikana bila kupatana.

Ndani ya teksi, simu ya mzee ikatetemeka. Akaibandika sikioni, uso kaugeuzia dirishani. Akasikiliza. Akarudia. Machozi yakamtoka.

"Kidonda kinauma, Baba?"

"Nyamaza. Mwambie dereva akanyage mafuta."

Walipofika, viti vya majirani vilikuwa vimepangwa uani na shangazi yuko katikati ya kilio. Mzee akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Wewe si umetutoka?" shangazi akauliza.

"Nimetoka, ndiyo. Kuna mwenye neno?"

Msusi akaichomoa simu, akasoma alichoandika, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Baba Mdogo alikuwa kwenye ngazi, macho mekundu. Alimtazama kaka yake, akafungua mikono, halafu akakumbuka kitu. Akatoa simu yake mbio mbio, akabonyeza pale pa kufuta kwa wote. Hapo msusi akaelewa. Maskini, alikuwa amemtumia marehemu ujumbe wa sauti, akiamini marehemu hasikilizi.

"Unafuta nini?" mzee akauliza.

"Hamna kitu, Kaka."

"Umechelewa. Nimekusikiliza mara mbili." Mzee akaketi kwenye kiti kimojawapo cha msiba wake. "Na kwa kuwa umefuta, utasema kwa mdomo."

"Kaka! Mbele ya watu wote hawa?"

"Mimi si nilikutukana mbele ya watu?" Kwa mara ya kwanza msusi aliona ulimi wa baba yake ukitafuta pa kushika. "Basi naanza mimi. Nisamehe, mdogo wangu. Kifaranga nilikuwa mimi."

Baba Mdogo akaja, akachuchumaa karibu na kiti, akaushika mkono wa kaka yake.

"Nilisema... nilisema, Kaka, sasa nani atanigombeza?"

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini, kamasi zikimsumbua. Kisha akavuta pumzi.

"Mimi," akasema. "Na tuanze na hivyo viatu. Soli imeachama namna hiyo, na una kaka fundi?"