Tangu Kuzaliwa

Asubuhi ile Fundi hakuwa na makalio ya kukalia benchi. Aliketi, akainuka, akachungulia dirisha la karani wa ofisi ya kadi, akarudi kumtengenezea mama yake mtandio ambao haukuwa na kasoro. Ilikuwa Ijumaa, na saa sita dirisha lingefungwa. Msimamizi wa jengo lao alishasema: wiki ikiisha, mpangaji asiye na kadi ya Weupe atoke. Fundi alikuwa nayo. Mama yake hakuwa nayo, na Fundi hakuwa tayari kumwona bimkubwa wa miaka sabini na mbili akitupiwa virago nje.

Haya, sikiliza maajabu. Babu yake Fundi alipohamia nchi ile aliandikwa Weusi. Baba yake, ngozi ileile, pua ileile, akaandikwa Wengineo. Miaka kumi na sita iliyopita sheria ikageuka, watu wa kwao wakatangazwa Weupe, na Fundi akakimbilia kadi mpya. Wala hakuna aliyeoga maziwa. Mama peke yake alibaki na kadi kuukuu ya Wengineo, akitania kwamba yeye ni mmoja wa wale wanaokumbukwa mwisho kwenye hotuba: mabibi, mabwana, na wengineo.

Zamu yao ikafika. Karani, kijana mpole, akamwita mmoja mama na mwingine dada, akasema kazi ni ndogo, sahihi tu. Fundi akatoa fomu mkobani, akamshikisha mama yake kalamu. Mama akavaa miwani, akaanza kusoma polepole, kidole kikifuata mstari, huku binti yake akitazama saa ya ukutani. Ilibaki robo saa.

"Hapa pameandikwa, mimi na wote niliowazaa ni Weupe," mama alisema. "Tangu kuzaliwa."

Karani akamtoa wasiwasi, kwamba hayo ni maneno ya fomu tu na kila mtu anayatilia sahihi.

"Nilizaa wawili. Wa kwanza alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Hospitali ya Weupe ilikuwa mtaa wa pili. Wakatazama kadi yetu, wakanifungia mlango." Sauti yake haikupanda. "Sasa nikisema alikuwa mweupe tangu kuzaliwa, niambie, kijana, walimfukuza nani?"

Karani aliutazama mhuri wake. Fundi aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kaka yake marehemu walimwita Mbio kwa kutotulia, na siku ile ya hospitali Fundi, wa miaka sita, ndiye aliyembebea viatu. Wiki nzima alikuwa na fomu ile mkobani na hakuisoma hata mara moja.

Akaichukua kalamu mkononi mwa mama yake, akailaza mezani. Kisha akatoa kadi yake mwenyewe.

"Nirudishie ya zamani."

Karani akasema kwa upole kwamba fomu ya kurudi nyuma haipo.

"Basi andika kwa mkono," Fundi alisema, akaiacha kadi palepale dirishani.

Walitoka. Kichwani Fundi alishaanza kuhesabu masanduku ya kuhama. Ngazini mama akasimama, akauliza ile cherehani yao nzito kule nyumbani nani ataishusha ghorofa nne.

"Mimi," Fundi alisema, "na wewe, na wengineo."